Harufu tamu ya nanasi na nazi kwa joto la Tanga: lazima ninunue ya bei kubwa?

SWALI

"Shikamoo dada. Naishi Makorora, Tanga, na nafanya kazi kwenye duka la vitambaa Ngamiani. Napenda sana harufu tamu za matunda: nanasi, embe, nazi, vanila. Nilinunua pafyumu ya nanasi ya bei ya chini. Asubuhi nikitoka nyumbani nanukia mpaka abiria wenzangu wananiuliza natumia nini, lakini ikifika saa tano siisikii tena. Nikiongeza, mwenzangu dukani analalamika kichwa. Watu wananiambia rahisi ni ghali, niachane na hizi nijikakamue ninunue ya laki na zaidi. Mwingine kaniambia niimimine kwenye mafuta ya nazi ndiyo itakaa. Ngozi yangu ni ya mafuta, jasho linanitoka sana, na msimu huu wa kaskazi ndiyo kabisa. Bajeti yangu haizidi elfu thelathini. Nifanyeje?"

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza kwa urefu na umenisaidia, maana jibu zuri liko ndani ya maelezo yako mwenyewe. Unataka kujua kwa nini harufu inapotea kabla ya adhuhuri, kwa nini mwenzako anaumwa kichwa na harufu ambayo wewe huisikii, na kama dawa ya yote mawili ni kuongeza pesa. Nianze na pesa, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima raha. Huhitaji pafyumu ya laki. Harufu unazozipenda ni miongoni mwa zile zilizo rahisi kabisa kutengeneza, na elfu thelathini ikipangwa vizuri inaweza kukuvusha kaskazi nzima.

Tazama zinavyopatikana. Waridi, asumini na udi safi hugharimu sana kwa sababu lazima mtu achume maua mengi mno au apate mti wenyewe. Nanasi halikamuliwi hivyo. Hakuna mafuta ya manukato yanayotoka kwenye nanasi wala embe kwa njia ya maana; harufu ya nanasi iliyomo kwenye chupa yako imeundwa maabara kwa viungo kama etili butireti na alili heksanoati. Harufu ya nazi hutokana zaidi na kiungo kiitwacho gamma-nonalaktoni, na kinachohitajika ni kidogo tu. Vanila nayo ina vanilini, ambayo wakemia wa Kijerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann waliitengeneza mwaka 1874; tangu hapo harufu hiyo haikutegemea tena maganda ya mvanila peke yake. Na ule utamu wa sukari, kama wa kashata inayoanza kuungua chunguni, mara nyingi ni etili-maltoli. Vyote hivi viwanda hununua kwa bei ya chini. Ndiyo maana pafyumu tamu ya bei kubwa na ile ya bei ndogo zinaweza kubeba viungo vilevile, na tofauti kubwa ikawa ni jina, boksi na matangazo.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba bei haina maana yoyote. Mchanganyaji mzuri hujua kuufunga utamu kwa kitu kizito kinachoushika, na kazi hiyo inalipiwa. Pafyumu nyingi za matunda za bei ndogo huruka hatua hiyo: zinakupa nanasi lote mwanzoni, baada ya hapo hakuna kinachofuata. Hapo ndipo wanaokuambia rahisi ni ghali wanapopata hoja. Lakini kuna za bei ndogo zilizofungwa vizuri, nami nitakueleza namna ya kuzitambua.

Usiogope nilipotaja maabara. Wateja wengi wa pwani huniambia wanataka cha asili kwa sababu hakina madhara. Mafuta ya karafuu ni ya asili kabisa, yamejaa kiungo kikali kiitwacho yujenoli, na ukiyapaka mabichi shingoni yanaweza kukuunguza na kukuacha na upele. Ngozi inachojali ni kiungo gani kimeigusa na kwa wingi gani.

Sasa saa tano. Harufu ni mvuke: hatusikii kitu mpaka chembe zake ziruke kutoka mwilini na kuingia puani. Chembe nyepesi huruka upesi, nzito hujivuta. Etili butireti ya nanasi huchemka kwenye nyuzi joto kama 121, vanilini kwenye 285. Mwilini mwako hakuna kinachochemka, lakini namba hizo zinakuonyesha ni ipi itakayokimbia kwanza. Ndimu, chungwa, nanasi na matunda mengi yako kundi la wakimbiaji. Maua kama langilangi na asumini yako katikati. Vanila, miski, sandali, ambari na udi ndivyo vinavyobaki ngozini mpaka jioni. Nazi inaangukia upande wa wanaokaa, na hilo ni jambo jema kwako.

Ongeza hali ya hewa yetu. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikivuma, Tanga mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hewa imejaa unyevu. Ngozi yenye joto hurusha manukato haraka. Unyevu nao hulizuia jasho kukauka, linatiririka na kubeba kile ulichopaka. Pafyumu hiyohiyo ukiipaka Lushoto asubuhi ya baridi itakaa zaidi kuliko ikikaa Ngamiani. Kwa hiyo chupa yako ya nanasi haikukosea. Imefanya kila ambacho nanasi linaweza kufanya kwenye joto hilo.

Lakini kuna jambo la pili, na hili nakuomba ulitafakari. Umesema huisikii tena, kisha ukasema mwenzako anaumwa kichwa. Maana yake bado ipo! Pua huzoea harufu inayokaa nayo muda wote na kuacha kuitaja, kama ilivyo kwa mtu anayekaa karibu na mashine ya kusaga: baada ya muda hasikii mngurumo mpaka izimwe. Wewe ulizoea, ukaongeza, na mwenzako aliyekaa umbali wa meza moja akapokea dozi mara mbili. Kabla hujaongeza, muulize mtu aliyeingia dukani sasa hivi kutoka nje kama anakusikia. Ukishindwa kuuliza, toka barazani dakika chache upate hewa nyingine, kisha inamisha pua kwenye kiwiko chako. Mara nyingi utaikuta.

Utamu mwingi kwenye joto huchosha wengine zaidi ya harufu nyingine. Sukari iliyozidi, ndani ya duka dogo lenye feni moja, inakuwa nzito. Ndiyo maana kwa kaskazi ninawashauri wapenzi wa harufu tamu watafute utamu uliolegezwa: nazi badala ya karameli, vanila iliyochanganywa na sandali, nanasi lenye ukali kidogo wa ndimu. Utamu unabaki, kichwa kinapona.

Kuhusu jasho nataka kuondoa dhana moja inayowapotezea watu pesa nyingi. Jasho lenyewe likitoka karibu halina harufu. Kikwapa kinatengenezwa na bakteria wanaoishi kwapani, wanaovunjavunja jasho la sehemu hiyo. Ukipuliza nanasi juu yake hupati nanasi. Unapata vitu viwili kwa pamoja, na vikikutana haviwi vizuri. Kwa hiyo fungu la kwanza la elfu thelathini yako lisiende kwenye pafyumu hata kidogo. Linunue dawa ya kwapa isiyo na harufu au yenye harufu hafifu. Zile zinazozuia jasho zina chumvi za aluminiamu, na hufanya kazi vizuri zaidi ukizipaka usiku kwenye kwapa kavu, kabla ya kulala. Ukitaka cha bei ndogo kuliko vyote, shabu ya dukani, ile jiwe nyeupe, pitisha kwapani pakiwa pamelowa baada ya kuoga. Bibi zetu waliitumia na inasaidia kweli kupunguza bakteria. Usipitishe pale palipotoka kunyolewa, itachoma.

Tuje kwenye ununuzi. Nina upendeleo wangu hapa: kwa bajeti yako ningekwenda kwenye duka la pafyumu za kupima kabla ya kununua chupa ya dukani iliyofungwa. Faida yake ni kwamba unanunua kidogo, unajaribu, na unaweza kuuliza kilichomo. Uliza swali moja ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: "Kwenye kichupa hiki unaweka mili ngapi za mafuta?" Chupa ya mili 30 yenye nguvu ya asilimia 15 inatakiwa iwe na mili 4.5 za mafuta ya manukato, iliyobaki spiriti. Ya asilimia 20 ina mili 6. Muuzaji akikuwekea mili 2 na kujaza spiriti, amekuuzia maji ya kupuliza kwa bei ya pafyumu, na ndiyo itakayokukimbia saa tatu. Muuzaji mwaminifu atakupimia mbele yako.

Uliza pia spiriti yake. Inatakiwa iwe etanoli ya vipodozi. Spiriti ya kuwashia au ya kusafishia rangi inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu, hupenya kwenye ngozi na hudhuru macho. Ukisikia harufu kali ya duka la rangi ambayo haiondoki hata dakika tano baada ya kupuliza, usichukue. Kwa chupa zilizofungwa, angalia jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na orodha ya viungo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi upo chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bidhaa unayoitilia shaka unaweza kuwauliza wao.

Ukinunua chupa ya dukani, soma maandishi madogo. Zile za kupuliza mwili mzima huwa na manukato asilimia 1 hadi 3 tu. Iliyoandikwa eau de toilette huwa kati ya 5 na 15, na eau de parfum kati ya 15 na 20. Chupa kubwa ya mili 200 ya kupuliza mwili inaonekana ni nafuu sana, lakini hesabu manukato yaliyomo: asilimia 2 ya mili 200 ni mili 4. Kichupa cha mili 30 chenye asilimia 15 kinakuzidi. Na hakiishi upesi kama unavyodhani: mpulizo mmoja hutoa kama sehemu ya kumi ya mili, kwa hiyo mili 30 ni karibu mipulizo 300. Ukipuliza minne kwa siku, una miezi miwili na nusu.

Ukifika dukani usinuse kumi. Chagua tatu, zipulize kwenye karatasi, achana na mbili, ya tatu ipake mkononi kisha nenda zako sokoni ufanye shughuli nyingine. Rudi baada ya saa mbili. Kile unachokisikia wakati huo ndicho unachonunua. Kile cha dakika ya kwanza ni salamu tu. Kama baada ya saa mbili mkononi kuna nazi na vanila laini, umepata. Kama hakuna kitu kabisa, mshukuru muuzaji uondoke.

Nikupe michanganyiko ya kuulizia. Nazi, vanila na sandali, na nanasi kidogo juu: hii ndiyo ningekuanzishia wewe. Ya pili ni embe na langilangi na miski nyeupe. Langilangi tunalijua, linalimwa Komoro kwa wingi na linapatikana visiwani Unguja na Pemba. Lina utamu wa ndizi ndani ya ua, na linayapa matunda mwili ambao peke yake hayana. Ya tatu, kama una ndoa au shughuli ya jioni, ni vanila na asumini juu ya nguo zilizofukizwa udi kidogo. Kwa mchana wa dukani hiyo ya tatu iache.

Mafuta ya nazi sasa. Aliyekushauri ana nusu ya ukweli. Ngozi yenye mafuta hushika manukato vizuri zaidi kuliko ngozi kavu, na kwa hilo ngozi yako imekupa faida bila kulipia. Lakini ukiimimina pafyumu ya spiriti ndani ya kopo la mafuta ya nazi, havichanganyiki vizuri. Pafyumu hiyo ina maji na spiriti ndani yake, itajitenga na kuharibu vyote viwili. Njia sahihi ni kupaka tone la mafuta kwanza, kuacha dakika chache, kisha kupuliza juu. Kwa ngozi yako usipake kifuani wala mgongoni, kwa sababu mafuta ya nazi huziba vinyweleo na utaanza kulalamikia chunusi. Mikononi na nyuma ya magoti panatosha. Ukitaka kitu cha kuchanganya moja kwa moja na mafuta, nunua mafuta ya manukato yasiyo na spiriti, yale ya kichupa kidogo cha kupaka kwa kijiti. Hayo yanakubaliana na mafuta ya nazi, yanakaa muda mrefu karibu na ngozi, na hayarushi harufu mbali sana, jambo litakalomfurahisha mwenzako. Wanaokwepa spiriti kwa sababu za dini pia huchagua haya.

Asubuhi yako ningeipanga hivi. Oga, jikaushe sawasawa, subiri jasho la kuoga litulie mbele ya feni. Kupuliza kwenye ngozi inayotoka jasho ni kumwaga. Paka tone la yale mafuta ya manukato ya kijiti, yenye harufu ya nazi na vanila, kwenye viwiko na nyuma ya shingo chini ya nywele. Puliza mara mbili kwenye nguo, upande wa ndani wa pindo, na mara moja kwenye mtandio au leso ya mkobani. Nguo haina joto la ngozi wala jasho lake, kwa hiyo huhifadhi harufu muda mrefu. Jihadhari na nguo nyeupe tu: vanilini hugeuka kahawia kadiri siku zinavyokwenda na inaweza kuacha doa. Kwa sababu hiyohiyo, pafyumu ya vanila ikibadilika rangi chupani usiitupe ukidhani imeharibika. Iliyoharibika utaijua kwa harufu ya siki au ya mafuta yaliyochacha. Na kusuguana viganja vya mikono baada ya kupuliza hakuharibu manukato kama wanavyosema watu, ila kunayapasha joto na kuharakisha yale mepesi yaondoke. Acha yakauke yenyewe.

Adhuhuri, badala ya kuongeza juu ya jasho, futa shingo na mikono kwa kitambaa chenye maji, kausha, kisha paka tone la mafuta. Chupa iache nyumbani, kabatini, gizani. Dirisha linalopigwa na jua na bafu lenye mvuke ndipo pafyumu zinapokufa. Na usipulize karibu na chetezo chenye makaa au jiko linalowaka. Spiriti hushika moto mara moja.

Onyo moja la jua. Kuna watu wanaongeza juisi au mafuta ya ganda la ndimu kwenye manukato yao ili yawe na ukali mzuri. Ndimu na bergamoti, tunda la jamii ya chungwa, zina viungo vinavyoifanya ngozi iungue ikipigwa na jua, inatokea malengelenge au mabaka meusi yanayokaa miezi. Chungwa tamu, yale ya Muheza, hatari yake ni ndogo sana, lakini ndimu usijaribu. Sehemu iliyo wazi kwa jua, hasa shingo ya mbele, usipake mchanganyiko wowote wa nyumbani wenye ndimu.

Kabla hujaanza kutumia chochote kipya, paka kidogo ndani ya kiwiko, mara moja kwa siku, kwa siku tatu au nne. Aleji ya manukato huweza kuchelewa siku mbili kujitokeza, na inaweza kumpata mtu aliyetumia pafyumu ileile kwa miaka. Ukiona wekundu, muwasho au vipele, osha kwa maji na sabuni isiyo na harufu na uache. Ikienea, ikitoa maji, ikivimbisha macho au midomo, nenda hospitali. Bombo iko karibu nawe. Ukipumua kwa shida usisubiri hata kidogo. Upele wa kurudi mara kwa mara unahitaji daktari wa ngozi ambaye anaweza kupima kiungo gani hasa kinakukataa, na wakiona vigumu wanaweza kukupa rufaa kwenda hospitali ya KCMC Moshi, ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi.

Jasho lako pia lina mipaka yake. Kutoka jasho Februari Tanga ni kawaida kwa kila mtu. Lakini likilowesha nguo hata ukiwa umekaa kwenye feni, au viganja vinatiririka mpaka unaharibu vitambaa vya wateja, kuna tiba, mwone daktari. Na likikuamsha usiku huku unapungua uzito, una homa, kikohozi kisichoisha au moyo unaokwenda mbio, nenda upimwe kifua kikuu na tezi ya shingo mapema.

Mwenzako wa dukani naye muulize kwa upole, hicho kichwa kinakuja na nini kingine. Kama ana kipandauso, harufu kali yoyote inaweza kumwamshia. Kama ana pumu na anaanza kubanwa kifua, basi siku mko pamoja tumia mafuta ya kupaka tu, tone moja, na kupuliza ufanye ukishatoka kazini. Akiwa anabanwa hata siku ambazo hujapaka kitu, mwambie aende akaonwe kliniki, maana hapo chanzo ni kingine.